Tiba ya kusogeza macho: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mjomba wangu aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi. Siku moja, kwenye kona za Kitonga, lori lililokuwa mbele yake lilikosa breki likatumbukia bondeni. Yeye ndiye aliyeteremka wa kwanza kwenda kuwatoa watu. Alirudi Mbeya bila mkwaruzo hata mmoja, lakini tangu siku ile harufu ya breki zilizoungua humtoa jasho, na usiku huamka akipiga kelele. Ndugu wamesema kila kitu: karogwa, amekuwa mwoga, aombewe. Nilipotaja tiba ya kusogeza macho, inayojulikana duniani kwa herufi EMDR na inayotibu kiwewe, yaani jeraha la akilini linaloachwa na tukio la kutisha, yakazuka mengine mapya.

“Hayo ni mazingaombwe, utapumbazwa.”

Hapana. Mtu anayetibiwa yuko macho muda wote, anajua alipo, na anaweza kusema “basi” wakati wowote. Anashikilia akilini kipande cha tukio, huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu unaokwenda kushoto na kulia kwa nusu dakika hivi. Kisha anapumzika, anavuta pumzi, anaulizwa kimemjia nini. Ndipo wanaendelea. Wengine hawatumii macho kabisa; wanagongwagongwa viganja kwa zamu au wanasikiliza mlio unaohama sikio hadi sikio.

Chanzo chake ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987, akitembea bustanini, alihisi kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yanapungua makali pale macho yake yanapocheza huku na huku. Akalifanyia utafiti na kuuchapisha mwaka 1989. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja tiba hii miongoni mwa zinazofaa kwa watu wazima na watoto wenye ugonjwa unaotokana na kiwewe.

“Wanakufuta kumbukumbu.”

Hili ndilo linalomtisha mjomba kuliko yote, kwa sababu hataki kuwasahau waliokufa pale. Na hatawasahau. Kumbukumbu ya kawaida huwa na tarehe yake: unajua ni jambo la mwaka juzi, limepita. Ya kiwewe haina. Harufu, mlio wa honi au ukungu wa asubuhi barabarani unatosha kuirudisha kana kwamba lori linaanguka sasa hivi, na mwili unajibu hivyo hivyo: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Kinacholengwa ni kulirudisha tukio mahali pake, nyuma. Mtu bado anasimulia yaliyotokea, ila mwili hauyaishi tena.

Kwa nini macho yasaidie? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba akili haiwezi kubeba mizigo miwili kwa nguvu zile zile. Ikilazimika kuufuata ule mkono wa mtaalamu na wakati huo huo kushika picha ya ajali, picha hufifia rangi, na inaporudishwa ghalani inarudi ikiwa nyepesi. Wapo watafiti wanaosema macho yanachangia kidogo tu, na kwamba kinachoponya ni kulikabili tukio ukiwa mahali salama. Mabishano hayo ni ya kweli na yanaendelea. Lakini yanahusu njia inavyofanya kazi. Kwamba watu wengi hupata nafuu kwayo, tafiti zimeonyesha tena na tena.

“Basi nitaangalia video nijifanyie nyumbani.”

Tafadhali usifanye hivyo. Tiba hii ina hatua nane, na kusogeza macho huja katikati. Kwanza mtaalamu anachukua historia yako, anapima kama uko tayari, anakufundisha kujituliza hofu ikipanda. Kufungua kidonda peke yako chumbani bila hayo kunaweza kukuacha na hali mbaya kuliko uliyoanza nayo.

“Kila aliyeona ajali apelekwe.”

Hapana. Wengi hutulia wenyewe wiki za mwanzo, wakiwa na ndugu, chakula na usingizi. Dalili zikivuka mwezi zikiwa bado kali, hapo ni ugonjwa wa kutibiwa. Na hizo wiki za mwanzo usimpe mtu vidonge vya usingizi vya kununua tu dukani. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za kundi la Valium zisitumike kupunguza mshtuko katika mwezi wa kwanza.

“Utalazimishwa kusimulia yote.”

Hii inawazuia wengi, hasa waliobakwa na waliopigwa na watu wa nyumbani kwao. Katika tiba hii unaweza kutaja tukio kwa maneno machache tu. Mengine yanabaki kichwani mwako yakifanyiwa kazi humo humo. Hupewi hata kazi ya kwenda kuandika nyumbani.

Nilimweleza mjomba hivyo Jumapili, tukiwa tumekaa nje kwake Mbalizi. Nikamwambia pa kuanzia ni kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa, aulize kama yupo aliyefunzwa tiba hii, au ile ya kuzungumza inayolenga kiwewe, ambayo nayo inaponya.

“Mjomba,” akaniita, “habari za yule utingo sitaulizwa?”

“Usipotaka, hutazisema.”

Akakaa kimya kitambo. Halafu akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.