Stenti na kielekeza mkondo: kwa nini mshipa mmoja wa ubongo huwekewa vyote viwili

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wamezoea kusikia habari za stenti, yaani bomba dogo la nyuzi za chuma linalowekwa ndani ya mshipa, kwa upande wa moyo, hasa tangu kuanzishwa kwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mwaka 2015. Ndiyo maana mtu akiambiwa mshipa wa ubongo wake umetuna na kufanya kifuko, yaani aneurizimu, huuliza: si niwekewe stenti, hata mbili, yaishe?

Kwenye moyo, stenti hutanua mshipa ulioziba. Kwenye aneurizimu mshipa haujaziba. Ukuta wake umedhoofika, na tunachohofia ni kupasuka. Stenti ya ubongo huwekwa mbele ya mdomo wa kifuko kuzuia koili, nyuzi laini za platinamu zinazojazwa ndani yake, zisichomoze na kuingia njia ya damu.

Kielekeza mkondo nacho ni bomba la nyuzi za chuma, ila kimesukwa kwa kubana zaidi. Fikiria tenga la nyanya la Kariakoo na kifumbu cha kukamulia nazi: vyote vimesukwa, lakini tundu zake si sawa. Nyuzi za stenti hufunika takriban sehemu moja ya kumi ya ukuta wa bomba. Za kielekeza mkondo hufunika karibu theluthi. Damu hufuata njia yake badala ya kuzunguka kifukoni, ile iliyobaki humo huganda, na utando wa ndani wa mshipa huota juu ya nyuzi mpaka mdomo ufungike. Hilo huchukua miezi 6 hadi mwaka, wakati mwingine zaidi. Picha ya wiki ya pili ikionyesha kifuko bado kipo, tiba haijashindwa.

Marekani iliidhinisha kifaa cha kwanza cha aina hii mwaka 2011, kwa aneurizimu kubwa za mshipa mkuu unaopandisha damu ubongoni. Uzoefu ulipoongezeka, madaktari walianza kukitumia pamoja na stenti. Mshipa ukiwa na kona kali, kielekeza mkondo kinaweza kujikunja, kufupika au kuteleza; stenti ikifunguliwa ndani yake hukikandamiza ukutani. Mshipa uliotuna mzunguko mzima, usio na mdomo unaoeleweka, huenda ukahitaji mabomba yanayopandana ili kupata njia imara.

Hali inayotusumbua zaidi ni ya mgonjwa aliyewekewa stenti na koili zamani, kisha kifuko kikarudi. Kielekeza mkondo huweza kupitishwa ndani ya stenti ile, lakini matokeo huwa hafifu kuliko kwenye mshipa ambao haujaguswa, kwa sababu nyuzi za zamani hukizuia kugusa ukuta, na utando hauoti vizuri penye mwanya. Uamuzi wa mara ya kwanza hubana nafasi ya wa pili. Ni haki yako kumuuliza daktari: kifuko kikirudi, tutafanya nini?

Chuma kikizidi, hatari ya damu kuganda juu yake na kuleta kiharusi huzidi, na vijishipa vidogo vya pembeni vinaweza kuzibwa. Kwa hiyo vifaa viwili huwekwa pale kimoja kisipotosha. Na katika kila watu wazima 100, takriban 3 wana aneurizimu. Nyingi hazipasuki maishani, na baadhi ni za kufuatiliwa kwa picha huku presha ikidhibitiwa na sigara ikiachwa.

Iliyopasuka ni dharura: kichwa kinauma ghafla kuliko wakati wowote maishani, shingo inakaza, mgonjwa anatapika. Usimeze panadoli ukasubiri kupambazuke. Hapo mara nyingi koili au upasuaji wa kubana kifuko hutangulia, kwa kuwa vielekeza mkondo huhitaji dawa za kuzuia damu kuganda, nazo huzidisha kuvuja.

Dawa hizo, aspirini na klopidogreli, ndizo nusu ya tiba yenyewe. Huendelea kwa miezi kadhaa, na aspirini mara nyingi kwa muda mrefu zaidi. Ukiona michubuko, au ukitakiwa kung'oa jino, usiache dozi kabla ya kuongea na waliokuwekea kifaa. Epuka diklofenaki. Na kwa wenye vidonda vya tumbo: omeprazoli inayonunuliwa dukani bila cheti hupunguza nguvu ya klopidogreli, kwa hiyo mwombe daktari akuchagulie dawa nyingine ya tumbo.