Joki hakulala: hii story ya "angetoka mapema" imenichosha

Jamani leo naandika kwa hasira kidogo, mnivumilie. Kila Grand National, zile mbio za farasi za kuruka fensi, ikiisha pale Aintree, Liverpool, simu yangu inajaa meseji za aina moja. Joki wa namba mbili alilala usingizi wa pono. Joki wa namba mbili angetoka mapema angeshinda. Joki wa namba mbili kauza mbio. Ya 2025 nililetewa hata kabla farasi hawajavuliwa matandiko, na mtu aliyeniletea mkeka wake ulikuwa umechanika, kwa hiyo moyoni nilimwelewa, ila hoja yake sikuielewa kabisa.

Kwa wageni humu: mimi napanda farasi wa mazoezi, wale wa kuruka. Nilianza kama saisi (mtunza farasi) Ngong, nikaja huku Ireland. Sio joki wa vikombe, jina langu hamtalikuta popote. Lakini farasi aliyechoka namjua kwa mikono yangu, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo.

Nadhani tatizo letu Waafrika Mashariki ni Kemboi, na nasema hivi kwa heshima zote. Tumekulia kwenye 3000m kuruka viunzi na maji, tumemwona Ezekiel Kemboi anakaa nyuma huko anazubaa zubaa, kengele inalia, anatoka na kwenda kumalizia leni ya nje huku anacheka. Yule alikuwa anaongeza kasi kweli. Sasa tunachukua macho yaleyale tunaangalia farasi wa National, tunaona mmoja anakuja kutoka nyuma "kwa kasi", tunasema ona, alikuwa na mafuta tele, joki kayaficha kwenye tanki mpaka mbio zikaisha.

Hapana. Hakuna anayeongeza kasi pale. National ni karibu kilomita 7, fensi 30, dakika 9 na zaidi, na ukishuka fensi ya mwisho bado una kama mita 450 za kukimbia bila kitu cha kuruka. Kufika hapo wote wanapunguza mwendo, WOTE. Yule mnayemwona anakuja anapunguza polepole kuliko yule wa mbele, basi, kwisha. Na sababu anapunguza polepole ni kwamba alitumia kidogo huko nyuma. Sasa mwambie atumie mapema hicho alichobakiza, si na yeye atakufa mapema? Unataka kula akiba halafu uendelee kuwa nayo.

Chukua 2018. Farasi Tiger Roll na joki wake Davy Russell wanashuka fensi ya mwisho wameshawaacha wenzao urefu wa farasi kadhaa, uwanja ni tope tupu, halafu Pleasant Company na David Mullins wanakuja, wanakuja, wanakuja, mpaka picha ya kumalizia inaitwa. Tiger Roll kwa kichwa. Kuanzia siku hiyo David Mullins ni "yule aliyechelewa". Lakini huyu David Mullins ndiye yuleyule wa 2016, kijana wa miaka 19, National yake ya kwanza, alimleta Rule The World kutoka nyuma akampita The Last Samuri baada ya fensi ya mwisho, na mwaka ule watu wote walisema huyu mtoto ana utulivu wa mzee, anajua kusubiri. Kusubiri ni kulekule. Kilichobadilika ni mstari wa kumalizia ulikaa wapi. Na cha kuchekesha, mbio hizohizo za 2018 kuna kundi lingine linasema Russell ndiye alikosea, alitoka MAPEMA mno, nusura aitupe. Kwa hiyo mbio moja, mmoja kachelewa mwingine kawahi, na wamepishana kichwa. Kama kuna majoki wawili waliopima sawasawa siku ile si ndio hao?

Haya, kama sio mita 450 za mwisho, nafasi inapotelea wapi? Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana hakuna anayeleta klipu ya huku.

Farasi akienda shoti anapumua mara moja kwa kila hatua. Hachagui, mapafu yanafuata miguu. Akiwa hewani juu ya fensi hapumui, anashika pumzi mpaka atue. Akiruka vizuri unakaribia hata kusahau kwamba fensi ilikuwepo, anatua, pumzi inatoka puuu, hatua inayofuata iko palepale kwenye mdundo. Akiruka vibaya, mguu wa mbele ukigusa, au akifika karibu mno ikabidi ajikunje aruke kama paka, anatua mzito, kichwa kinakwenda chini, wewe unamwachia hatamu ziteleze vidoleni ili apate shingo yake ya kujibalansi, halafu hatua mbili tatu zinazofuata hazina mdundo, na pumzi nayo haina. Kwenye TV utaona amepoteza mita mbili. Mita mbili sio kitu, atazirudisha. Kile ambacho hakirudi ni pumzi, na gharama yenyewe hailipwi pale, inalipwa dakika tatu mbele, fensi ya 28 huko, ambapo wewe mtazamaji umeshasahau na unamwona tu joki anaanza kusukuma na farasi haendi, unasema huyu joki vipi.

Na joki anajua kabla yako. Farasi mwenye nguvu anashika lijamu, unasikia uzito mikononi, kama mtu anayekuvuta mbele kidogo kidogo. Siku anayoacha kushika, hatamu zinakuwa nyepesi ghafla, mikono yako haina kitu. Mara ya kwanza ikinitokea kwenye mazoezi nilidhani kuna mkanda umekatika. Kwa nje hakuna kilichobadilika, bado anakimbia mwendo uleule, masikio bado mbele. Lakini wewe juu unajua umebaki na dakika moja na nusu, na kuanzia hapo kila uamuzi wako ni wa kubana matumizi. Ndio hiyo mnayoiita kulala.

La pili ni njia, na hili watu hawalipigii hesabu kabisa. Ukizunguka uwanja wowote mzima huku umekaa mita 5 nje ya mwenzako, umekimbia kama mita 31 zaidi yake. Haijalishi uwanja ni mkubwa au mdogo au una umbo la muhogo, hesabu ni ileile, mbili mara pai mara tano. Mizunguko miwili ya Aintree ni kama 60. Urefu wa farasi ni karibu mita mbili na nusu, gawanya mwenyewe. Halafu mtu ananiletea mjadala wa mbio zilizoamuliwa kwa kichwa au kwa pua (2012, Neptune Collonges na Sunnyhillboy, PUA) na anataka tuongelee joki alipiga mjeledi mara ngapi.

Ila sasa ndani sio bure. Canal Turn, fensi ya 8 na tena ya 24, unatua na hapohapo unakata kona ya kushoto kama ya barabara ya mtaa, digrii 90. Majoki wazuri wanairuka kwa mshazari ili farasi atue akiwa tayari anatazama kona. Ukikosa huo mshazari, au kuna farasi asiye na mtu mgongoni amejichomeka kushotoni kwako, unapelekwa nje huko na wenzako wanakuaga. Fensi ya 24, jamani. Mkitaka kumlaumu mtu mlaumieni pale. Na Becher's Brook, ya 6 na ya 22, mafundisho ya zamani yalikuwa kwamba ndani ni njia fupi lakini mteremko wa kutulia ni mkali zaidi, nje ni ndefu lakini salama. Kwa hiyo joki mwenye farasi mwoga alikwenda nje kwa makusudi akijua analipa mita. Lakini pale pameshasawazishwa, na tangu 2013 fensi zenyewe hazina tena mbao ngumu ndani, ni plastiki inayopinda. Kuanzia 2024 farasi ni 34, sio 40 tena, nafasi ipo. Je, ule ushauri wa kwenda nje bado una maana? Mimi nadhani wengi wanaendelea nao kwa mazoea tu, wazee waliwaambia. Ila sijawahi kusikia joki anayekubali hivyo mbele za watu, na mimi sio wa kumfundisha mtu fensi ambayo sijairuka.

Uzito. Hapa nitakwenda haraka. National farasi wanapangiwa uzito, bora anabeba zaidi. Kanuni ya zamani ya vijiwe vya farasi inasema kwenye maili tatu, ratili moja, yaani karibu nusu kilo, ni sawa na urefu wa farasi mmoja. 2025 Nick Rockett alibeba ratili 162, I Am Maximus 166. Tofauti nne. Nick Rockett akashinda kwa urefu wa farasi wawili na nusu. Kwa kanuni hiyo I Am Maximus ndiye alikimbia vizuri zaidi siku ile, akiwa amebeba uzito wa juu kuliko wote, na bado mtu ananiandikia ati joki wake Paul Townend "kashindwa na joki wa ridhaa". Patrick Mullins, aliyempanda Nick Rockett, ni wa ridhaa kwa karatasi tu bana, huyo kalelewa kwenye zizi la baba yake Willie, na kapanda mbio nyingi kuliko wengi wanaolipwa. Acheni hizo.

Na mjeledi, kwa vile mtauliza: mwisho mara 7 kwenye mbio za kuruka Uingereza, ukizidisha nne juu ya hapo farasi anaondolewa kwenye matokeo. "Angemchapa zaidi" haipo. Tuendelee.

Sasa kuna ya 1973, ambayo inanisumbua mwenyewe kwa sababu hapa joki ndiye anayejilaumu na mimi ndiye ninayemtetea. Crisp, farasi wa Australia, ratili 168, Richard Pitman juu. Walikwenda mbele peke yao, fensi baada ya fensi, pengo likawa kubwa mpaka mtu angeweza kwenda kuchemsha chai. Nyuma yake Brian Fletcher na Red Rum, ratili 145. Baada ya fensi ya mwisho Crisp ameisha, miguu inakwenda huku na huku, na pale ndipo njia inakata kulia kidogo kukwepa fensi ya The Chair, pale wanapopaita Elbow. Pitman akanyanyua mjeledi mkono wa kulia, farasi akayumba kushoto. Red Rum akampita hatua za mwisho kabisa, robo tatu ya urefu wa farasi. Pitman mwenyewe amesema miaka yote kwamba lile lilikuwa kosa la kitoto, angeacha mikono yote miwili kwenye hatamu angeshinda.

Mimi simkubalii, samahani mzee. Wote wawili walikimbia sekunde kama 18 chini ya rekodi iliyokaa tangu miaka ya 1930. Tofauti ya mzigo ilikuwa ratili 23, zaidi ya kilo 10. Na Red Rum mwaka uliofuata akapewa zile 168 na akashinda tena, kwa hiyo tunajua leo Crisp alikuwa anampa kilo 10 farasi wa aina gani. Wanaosema "angepunguza mapema" nawauliza, umewahi kumshika farasi anayetaka kwenda? Kila unachobana kwenye hatamu anakitumia kupigana na wewe, na akiruka huku anapigana anaruka vibaya. Kumbuka habari ya pumzi hapo juu. Pitman alimwachia afurahie, na nadhani ndiyo sababu walifika mita zile za mwisho wakiwa mbele.

Lakini hapa pia kuna kitu kinanikwaza. Nimesema kanuni ya ratili na urefu wa farasi, nimeitumia kumtetea Townend na ningeweza kuitumia kumtetea Pitman, na ukweli ni kwamba siiamini sana. Ilitungwa kwa maili tatu. Hii ni zaidi ya nne, na kuna miaka ya tope kama 2001 ambapo farasi wanne tu walimaliza, wawili kati yao baada ya majoki kuanguka na kupanda tena. Kilo mbili kwenye tope ni kilo ngapi? Neptune Collonges alibeba ratili 160 akamkuta mwenzake mwepesi kwenye mstari. Hesabu hizi tunazipiga Jumapili, matokeo yakishajulikana, na zinatoka sawa kwa yeyote unayetaka kumtetea. Mimi pia nafanya hivyo, mmeniona hapo juu.

Na sisemi majoki hawakosei. Wanakosea. Mwingine anaona nafasi kwenye kona, anasita nusu sekunde, inafungwa. Mwingine kahesabu vibaya hatua za kufikia fensi akamwomba farasi aruke mbali wakati farasi hakuwa tayari. Ila hayo hayaonekani kwenye klipu zenu za Elbow. Kwa hiyo mwakani kabla ya kunitumia meseji, nileteeni fensi ya 19 mpaka 25, kamera ya helikopta kama mnayo, mniambie farasi wenu alikaa mita ngapi nje na alitua vipi kila mara. Klipu ya sekunde 30 za mwisho siifungui.