Kufunga na kufungua beko ya trekta dogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapo wenye trekta dogo na beko, yaani ule mkono wa kuchimba unaokaa nyuma, ambao hawaifungui mwaka mzima. Wanazunguka shambani na kilo mia kadhaa mgongoni mwa trekta, na jembe halina pa kufungwa. Sababu ni kwamba waliwahi kuambiwa kuitoa ni kazi ya siku nzima na ya watu wengi. Inasikitisha, kwa sababu beko hizi zimeundwa zifungwe na kufunguliwa. Mtu mmoja aliyeizoea mashine yake hahitaji hata saa moja.

"Bila winchi au vijana wa kunyanyua, haitoki."

Beko inajinyanyua yenyewe. Ina miguu miwili ya pembeni na ina bumu, yaani mkono mkubwa unaobeba ndoo, na vyote vinaendeshwa na mafuta ya haidroliki, yaani mafuta yenye presha, yanayotoka kwenye trekta. Ukishusha miguu na kukandamiza ndoo ardhini, fremu yake inapanda. Ukilegeza, inashuka. Kwa hiyo egesha mahali tambarare na pagumu, weka mbao nene chini ya miguu na chini ya ndoo, kisha shusha hadi uzito utoke kwenye pini zinazoifunga beko kwenye trekta. Zima injini, teremka, chomoa pini. Rudi kitini, washa injini ikiwa ya chini, na uinue fremu taratibu mpaka ndoano zake ziachane na fremu ya trekta. Kisha sogeza trekta mbele kidogo tu, kwa maana hosi, yaani mipira ya kupitishia mafuta, bado zimeunganishwa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Wanaanza kwa kuchomoa hosi, kwa kuwa ndizo zinazofikiwa kwa urahisi, halafu wanashangaa beko imeganda kama jiwe. Ukitoa hosi umeinyima nguvu ya kujiinua, na ndipo majeki na nondo zinapotafutwa. Hosi hutoka mwisho. Siku ya kufunga huwa za kwanza kuunganishwa, mara tu trekta likirudi nyuma karibu vya kutosha.

Na tafadhali, levya, yaani vishikio vya kuendeshea beko, zishikwe ukiwa umekaa kitini. Kusimama chini kati ya tairi na beko huku unavuta levya ili uone pini inavyokaa ni hatari kubwa. Chuma kikisogea kidogo tu, huna pa kukimbilia.

Kuhusu pini inayogoma: nyundo kubwa si jibu. Pini ikikataa kuingia, matundu hayajalingana, au bado kuna uzito umeyalalia. Sogeza mguu mmoja kidogo, au gusa bumu, itaingia kwa mkono au kwa kugongwa kidogo. Kwa kweli shida nyingi za kufunga huanzia siku ya kufungua. Beko iliyoachwa kwenye udongo laini huzama upande mmoja, na miguu inaweza kushuka polepole mafuta yakivuja ndani ya silinda. Ikiwa itakaa muda mrefu, weka magogo imara chini ya fremu yenyewe.

"Hosi ikigoma kuingia, igonge ncha ili mafuta yatoke."

Usifanye hivyo. Hosi inagoma kwa sababu ina presha ndani. Kabla ya kuchomoa, zima injini na uzungushe levya zote kila upande, huku ndoo na miguu vikiwa vimeshatulia chini. Presha inaweza pia kujijenga baadaye, beko ikikaa juani: mafuta yaliyofungiwa hutanuka. Ifunike, au subiri ipoe. Haidroliki za matrekta haya hufanya kazi kwenye presha ya baa 130 hadi 200 hivi, na tundu dogo la sindano linatosha kupenyeza mafuta ndani ya ngozi. Kidonda huonekana kidogo, lakini ni dharura ya upasuaji, hata kama hakiumi sana mwanzoni. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kiganja.

Lipo pia kosa lisilo na kelele mwanzoni. Mtu anatoa beko vizuri, anafunika hosi zake, anawasha trekta, na mikono ya kunyanyulia zana haipandi. Au pampu inalia. Anadhani trekta limeharibika. Kwenye matrekta mengi madogo mafuta huzunguka muda wote: kutoka pampu, kupitia vali ya loda (ndoo ya kupakia iliyo mbele ya trekta), kwenda kwenye beko, kisha kwenye mikono ya nyuma. Ukitoa beko umekata njia katikati. Ndiyo maana ncha mbili zinazobaki kwenye trekta, ya kupeleka na ya kurudisha, huunganishwa pamoja ili mafuta yaendelee kupita. Ukisahau, pampu inasukuma mafuta yasiyo na pa kwenda, inachemka na inaweza kufa. Beko yenye pampu yake inayozungushwa na shafti ya PTO, yaani ile ya trekta inayozungusha zana, haina suala hili.

Wengine husema beko yoyote inaweza kuning'inizwa kwenye mikono mitatu ya nyuma, kama jembe. Zipo zilizoundwa hivyo, ila nguvu ya kuchimba hutua kwenye chuma cha nyuma cha trekta, ambacho kinaweza kupasuka, na beko inaweza kuruka juu ikambana dereva. Fremu ndogo inayopita chini ya trekta hadi mbele hugawanya nguvu hiyo. Watengenezaji kadhaa huruhusu njia hiyo pekee. Soma kitabu cha trekta lako kabla ya kununua.

Jambo la mwisho ni loda. Wengi huamini trekta likipungua uzito linakuwa salama zaidi. Beko ndiyo iliyokuwa ikisawazisha loda ya mbele. Ikiondoka, ndoo iliyojaa kokoto inaweza kuinua magurudumu ya nyuma, na kwenye mteremko ukapoteza breki. Funga uzito mwingine nyuma kabla ya kurudi kwenye kazi ya loda.