Bushi haizunguki, hujipinda

Mwalimu alikuja na Probox yake hadi chini ya mwembe ninapofanyia kazi, hapa Muyeye, Malindi, akakanyaga breki: ngo! Akateremsha kioo. "Fundi, hizi bushi si uliniwekea wewe?"

Ni mimi niliyeziweka, na miezi minne ilikuwa haijaisha. Nikafanya tunavyofanya mafundi tukibanwa, nikalaumu spea. "Mwalimu, siku hizi vitu vingi ni feki." Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayedai daftari lake limeliwa na mbuzi.

Nilipozifungua nikakuta raba bado mpya, haijalika wala haijamomonyoka. Ilikuwa imechanika kwa kufuata duara, mithili ya kitambaa kilichokamuliwa kupita kiasi. Bushi mbovu ya dukani haifi hivyo. Hii ilikuwa imesokotwa, na aliyeisokota ni mimi.

Bushi ni mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, na katikati pana raba iliyogandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Mrija wa ndani hubanwa na bolti kwenye fremu ya gari. Mrija wa nje hukaa kwa kubana ndani ya mkono wa chini wa gurudumu, ule ambao mafundi huuita loa-amu (hauna udugu wowote na watu wa Amu, yaani Lamu, ambao kisiwani kwao punda ndiye gari na hana bushi). Gurudumu likipanda tuta, mkono hupanda, raba hujipinda kidogo, kisha hurudi mahali pake. Hakuna kinachoteleza. Wengi hudhani bushi ni aina ya beringi, na makosa karibu yote ya kazi hii yanatokana na dhana hiyo.

Dalili ni kishindo kimoja kizito ukifunga breki au ukiondoka, usukani unaovuta upande bila sababu, na tairi kulika upande mmoja. Mlio mwepesi wa haraka haraka kwenye njia ya changarawe mara nyingi ni linki ya stabilaiza, kile kifimbo cha kuunganisha gurudumu na fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Usikimbilie bushi. Ili uwe na hakika, chomeka mtaimbo baina ya mkono na fremu, usukume taratibu. Raba kucheza kidogo ni kawaida. Ukiona mwanga baina ya raba na chuma, imeachana.

Sasa jeki, na hapa naomba mnisikilize. Nyua zetu Malindi ni mchanga, na jeki juu ya mchanga huzama upande mmoja. Weka ubao mnene chini yake, zuia magurudumu ya nyuma, halafu gari likalie stendi mbili za chuma. Najua kila nyumba ina tofali la matumbawe limebaki kwenye ujenzi. Usilitumie. Tofali hilo hubeba ukuta miaka hamsini kwa sababu uzito umetandazwa juu yake. Ukiliwekea ncha ya chuma yenye gari juu, hupasuka bila kuaga.

Kabla hujainua chochote, gari likiwa sakafuni, chukua futi upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika. Kwa mwalimu niliandika sentimita 36 kwa chaki kwenye shina la mwembe. Namba hiyo tutairudia.

Angalia pia springi imekaa wapi. Kwenye Probox na magari mengi madogo, springi imezungushwa kwenye shoki, kwa hiyo mkono wa chini unatoka bila vita. Kama gari lako springi imekalia mkono wenyewe, acha, mpelekee mwenye kifaa cha kuibana. Springi iliyobanwa ikichomoka huvunja mtu.

Bolti ndizo zitakazokula muda wako. Upepo wa kusi huleta chumvi hadi ndani ya kabati, sembuse chini ya gari, na bolti hushikana kwa kutu na ule mrija wa ndani wa bushi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jana yake jioni, na tena asubuhi. Tumia soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili, maana hiyo hula kichwa cha bolti. Ikigoma, jaribu kukaza kidogo kwanza ndipo ulegeze. Kutu huvunjika ukiitikisa pande zote mbili. Boljointi, kile kiungo cha tufe kinachoshika mkono na gurudumu, nayo huachia ukiipiga nyundo ubavuni mwa lile sikio la chuma linaloishika, nati ikiwa imebaki kwenye nyuzi chache. Usipige ncha ya boljointi yenyewe.

Mkono ukiwa mezani, watu huniambia bila presi ya haidroliki kazi imeishia hapo. Chombo changu ni hiki: kipande cha chuma chenye nyuzi, milimita 14, urefu wa kiganja na nusu, nati mbili, washa nene nne, na kipande cha bomba la maji la chuma. Vyote havikufika shilingi 1,000 kwa muuza vyuma. Ukubwa ndio siri. Bomba liwe pana kidogo kuliko bushi, ili bushi iingie ndani yake. Upande wa pili, washa au soketi ya kusukumia iwe nyembamba kidogo kuliko bushi lakini ikalie ule mrija wa nje. Ukisukuma mrija wa ndani, unavuta raba tu. Pitisha chuma katikati, paka nyuzi grisi, kaza nati, na bushi itaanza kuhamia ndani ya bomba kwa milio midogo ya tik, tik.

Isipotoka, toboa raba kwa drili kuzunguka, sukuma kiini nje, pitisha ubapa wa msumeno wa chuma, ukate mrija wa nje kwa ndani. Kata pole pole, ukikaribia mwisho simama. Usiguse chuma cha mkono. Kisha tindo ndogo huukunja. Wapo wanaochoma raba kwa moto. Moshi wake ni sumu, na kwenye mtaa wenye mapaa ya makuti utajibu maswali mazito zaidi ya bushi.

Kabla ya kuitoa ya zamani, weka alama kwa tupa jinsi ilivyokaa. Bushi ya nyuma mara nyingi ina matundu mawili yaliyopinda kama mwezi mwandamo. Si mapambo. Upande wenye tundu ni laini, usio na tundu ni mgumu, na aliyeunda gari alichagua gurudumu linyumbuke kuelekea wapi. Ukiizungusha robo, gari litakuwa geni mikononi mwako.

Mpya huingia kwa chombo kile kile. Safisha tundu kwa msasa, paka maji ya sabuni. Grisi ya kawaida weka mbali, maana mafuta yake yatokanayo na petroli huivimbisha raba na kuiozesha. Kuna wanaolaza bushi kwenye friza usiku kucha. Nilipiga hesabu: mrija wa milimita 40, ukitoka nyuzi 30 hadi 18 chini ya sifuri, husinyaa kama milimita 0.02, hata unene wa unywele haufiki. Husaidia kidogo, lakini nyumbani kwangu bushi ililala juu ya samaki, changu, na mama watoto bado hajasahau. La muhimu zaidi ni kuanza wima: kaza nusu mzunguko, tazama pande zote, kaza tena. Ikianza mshazari, itoe uanze upya.

Turudi kwa kosa langu. Siku ile nilirudisha mkono gari likiwa hewani, gurudumu linaning'inia, nikakaza bolti zote kwa nguvu zangu zote, nikajisifu. Lakini mkono unaoning'inia umeshuka chini kabisa, na bolti ikikazwa, mrija wa ndani hufungwa kwa pembe hiyo. Nikateremsha gari, mkono ukapanda mahali pake pa kawaida, raba ikasokotwa na kubaki imesokotwa. Mwalimu alipoegesha chini ya mkorosho wake usiku, raba ilikuwa kazini. Kila tuta la njia ya Mombasa likaongeza juu ya msokoto niliomfungia mimi. Miezi minne ilikuwa mingi.

Kwa hiyo ziingize bolti zote kwa mkono, zikaze kiasi cha kutocheza tu. Weka jeki ya pili chini ya mkono, karibu na boljointi, uinue hadi futi isome ile namba uliyoandika, stendi zikiwa bado mahali pake. Hapo ndipo ukaze za bushi kwa kipimo cha kitabu cha gari. Boljointi haina sharti hilo, ikaze wakati wowote.

Mwisho gari likapimwe alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, kwa sababu mkono ukishatoka, gurudumu halirudi lilipokuwa kwa unywele. Ya alaimenti mwalimu alilipa mwenyewe. Bushi za mara ya pili nilinunua mimi, kwenye duka lile lile nililolisingizia.