Mimea ya Maji Chumvi: Yanayosemwa na Yalivyo

"Mimea hii haiwezi kuishi bila chumvi." Kati ya madai juu ya mimea inayoota penye chumvi, hili ndilo sugu kuliko yote. Mkoko ukiupanda kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, unaota. Ni kweli kwamba chumvi kidogo huinawirisha baadhi ya mimea hii, lakini gramu 35 katika kila lita ya maji ya bahari ni mzigo hata kwayo. Mkoko umekaa pale pwani kwa kuwa miti mingine imeshindwa. Huichuja chumvi mizizini, nyingi isipate hata kuingia. Mchu, mti mwingine wa mikokoni, nao huchuja, lakini ile inayopenya hupanda, kisha huitoa kwa vitezi vya majani kama jasho. Siku kavu, pitisha kidole juu ya jani lake halafu ulambe. Huhitaji maabara.

"Vijiti vinavyochomoza topeni chini ya mchu ni miche." Ni mizizi inayopumua. Tope halina hewa, basi mizizi hupanda kuifuata juu. Mche wa mkoko ndio wenye ajabu yake: mbegu huota ingali mtini, ikaning'inia kama rungu jembamba la kijani hadi idondoke.

"Hailiki." Bitiruti tunayokula ilitokana na mmea wa chumvi wa mwituni wa fukwe za Ulaya.

"Katika sanaa ni mapambo ya nyuma ya picha tu." Hapa watu hukosea kwa kutazama turubai la mchoraji badala ya kioo cha dirisha. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa, na mchanga mtupu hauyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700 hivi. Ukitiwa magadi, unalainika mapema zaidi. Magadi hayo mafundi wa vioo wa Murano, Venice, huko Italia, waliyapata kwenye majivu ya mimea ya chumvi, mengi yakiletwa kwa meli kutoka Shamu (Syria na jirani zake). Sodiamu ambayo mmea uliibeba maisha yake yote ikaishia kwenye bilauri. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hataza ya kutengeneza magadi kwa chumvi ya kawaida, na polepole majivu yakakosa soko.

"Limoniamu lina petali za zambarau zisizonyauka." Huu nao ni mmea wa chumvi: ni lile ua kavu la kwenye mashada, linalochakarisha kama karatasi. Petali zake halisi ni ndogo, nyeupe, na hupukutika mapema. Zambarau ni ya kikombe cha ua kilichozishika, na mchoraji anayelichora likiwa kavu anachora kikombe kitupu.