Mla kaa wa matopeni Lamu

Nikiulizwa ni ndege gani wa kutafutwa kwanza Lamu, sitaji heroe (flamingo). Namtaja mla kaa. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu inayoelekea buluu, na mdomo mnene, mweusi, ulionyooka kama jambia. Sululu, ndege mwingine wa matopeni, huutia mdomo wake uliopinda shimoni na kumvuta kaa humo. Mla kaa hana subira hiyo. Husimama tuli, kaa akitoka humkimbilia na kumdona. Mdogo humezwa mzima, mkubwa huvunjwavunjwa kwanza.

Ajabu yake kubwa hatuioni, kwa kuwa hatagi kwetu. Hutaga kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu, Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na kaskazini ya Somalia. Huko huchimba shimo mchangani, refu kupita mita moja, na mwisho wake huweka yai moja tu, jeupe pe. Ndege wengine wa matopeni hutaga juu ya ardhi, mayai yana madoa ili yasionekane; yai lililo gizani lina haja gani ya madoa? Tena mchanga wenyewe, msimu huo wa jua kali, una joto linalokaribia lile la kuatamia, basi mzazi huenda kula na yai lisipoe. Lingekuwa nje, lingeiva.

Buabua, ndege wa bahari, wa Kiunga, kaskazini ya Lamu, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1979, wao hutaga peupe wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kusini, juu ya vijisiwa vya mawe ambavyo hata mvuvi hana la kufanya juu yake. Kinga yao ni mzazi kukaa juu ya yai. Mtu akiteremka pale kupiga picha wakaruka wote, jua na shakwe humaliza kazi. Kwa hiyo mimi siwapeleki wageni huko msimu huo, wanilipe wasinilipe.

Mla kaa yeye hufika kusi likiisha, akiwa na mwanawe. Makinda ya ndege wa jamii hii kwa kawaida hujitafutia chakula tangu siku za mwanzo, lakini huyu hulishwa shimoni, na hata akishafika Lamu bado humwandama mzazi akidai kaa. Utamjua kwa mgongo wa kijivu. Nenda kisiwa cha Manda maji yakianza kujaa, tope likipungua na ndege kusogezwa pamoja kwenye fungu la mchanga. Zima mashine ya mashua mbali, utumie darubini.