Kahawa chungu, na makosa tunayoyasingizia mengine

“Ikiwa chungu, punguza kijiko kimoja.”

Nimeifuata kanuni hii miaka mingi, na kila mara nilipata kitu kilekile: maji ya kahawia, tena machungu. Kahawa haitoi ladha zake zote kwa mkupuo. Uchachu hutangulia, utamu hufuata, na ule uchungu unaokwaruza koo huja nyuma kabisa. Ukipunguza kahawa na maji ukayaacha yaleyale, chembe chache zilizobaki hukamuliwa na maji mengi hadi zitoe kile ambacho kingebaki kwenye mashapo. Kinywaji kinakuwa chepesi na uchungu uko palepale.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Gramu 60 kwa lita ya maji, yaani gramu 15 kwa mililita 250, ni pa kuanzia pazuri. Tumia mizani, kijiko hudanganya.

Kisha chunguza usagaji, maana mara nyingi mchawi yuko hapo. Sugua kahawa kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikijipaka kwenye ngozi kama unga wa ngano, ni laini mno kwa chujio la karatasi. Inatakiwa uzisikie chembe, kama mchanga. Dalili nyingine utaiona kwenye chujio lenyewe: maji yanakwama juu ya tope, yanachukua dakika sita kushuka badala ya tatu au nne. Saga chenga kubwa zaidi, mengine usiyaguse. Ukibadilisha matatu kwa siku moja, hutajua lipi lililosaidia.

“Maji yaliyochemka huiunguza kahawa.”

Buni zimekaangwa kwenye joto la nyuzi 200 na ushee. Maji ya nyuzi 100 yaunguze nini tena? Ila ni kweli kwamba maji ya moto zaidi hukamua upesi zaidi. Buni zilizokaangwa hadi zikawa nyeusi zinaridhika na nyuzi 90 hivi. Zilizokaangwa kidogo, mimina mara tu birika likitulia.

“Nyeusi zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi.”

Weusi ni kazi ya moto tu. Kafeini, ile inayochangamsha, huvumilia ukaangaji karibu yote. Hata espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayoogopwa: mililita 30 zake zina takriban miligramu 60 za kafeini, ilhali kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja huwa na kama 95.

“Itunze kwenye friji.”

Kama unapenda kahawa yenye harufu ya kitunguu, sawa. Kila ukifungua kopo, unyevu nao unaingia. Kopo lisilopitisha hewa, ndani ya kabati lenye giza, linatosha.

“Iliyotoka kikaangoni leo ndiyo tamu kuliko zote.”

Subiri siku kadhaa. Buni zilizokaangwa karibuni zimejaa hewa ya ukaa, nayo huyasukuma maji yasipenye vizuri. Ndiyo maana tunailowanisha kwanza kahawa iliyosagwa kwa maji kidogo, kama mara mbili ya uzito wake, na kungoja sekunde 30 kabla ya kumimina mengine. Itaumuka na kutoa mapovu. Isipoumuka hata kidogo, basi hiyo imekaa kabatini muda mrefu, au ilisagwa siku nyingi zilizopita.